Pesa Imetoka kwa Mteja, Haijafika Dukani

Jumamosi moja, jua likiwa linazama, simu ya mdogo wangu iliita. Aliyepiga alikuwa mteja wa Mbeya, mama wa makamo kwa sauti yake. "Dada, mimi nimeshalipa na meseji ninayo. Mbona hapa bado panasema sijalipa?" Mdogo wangu alikuwa sebuleni kwake Sinza, kompyuta mapajani, na kwenye kioo oda ilikuwa palepale: kapu moja kubwa la milulu, shilingi 48,000, malipo hayajakamilika. Yule mama akamsomea meseji yote mpaka namba ya muamala, herufi moja moja. Kisha akaongeza neno lililotufanya tutazamane. Alipoona dakika tano zimepita na tovuti haijabadilika, alidhani amekosea mahali, akalipa tena.

Shilingi 96,000 zimetoka kwenye simu ya mtu Mbeya, na dukani Sinza haijaingia hata mia. Tukapiga simu ya huduma kwa wateja ya kampuni iliyokuwa ikitupokelea malipo. Ikaita hadi ikakatika. Tukaandika barua pepe, tukajibiwa na mashine kwamba tutahudumiwa siku za kazi. Mtu wa kwanza alipokea simu Jumatatu mchana. Pesa ya ziada ilimrudia mteja siku ya tisa. Kapu lenyewe lilipanda basi Jumapili alfajiri, kwa sababu mdogo wangu alisema hawezi kumwambia mtu aliyelipa mara mbili kwamba asubiri.

Duka lake ni dogo. Anauza vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu, mikeka, na vitambaa vya mezani. Wiki ikiwa nzuri hutuma mizigo kumi na mitano. Biashara ya ukubwa huu ndiyo inayoumia zaidi ikikosea kuchagua nani aipokelee malipo. Haina idara ya fedha wala mwanasheria, na mtaji wake ni uleule unaozunguka: pesa ya kapu la leo ndiyo itakayomlipa mama anayesuka kapu la wiki ijayo. Pesa ikilala mahali siku tisa, kuna mikono Iringa inayokaa bila kazi siku tisa.

Hesabu za duka hilo huwa namsaidia mimi, kwa hiyo kazi ya kutafuta kampuni nyingine iliniangukia. Nilikaa nayo wiki tatu, nikisoma mikataba, nikipiga simu, nikiwauliza wauzaji wengine wanatumia nini na imewahi kuwakwamisha wapi. Nayaandika haya nikiwafikiria wanaouza viatu, viungo, mafuta ya nazi na nguo za watoto mtandaoni, ambao huenda wiki hii wameletewa karatasi ya kusaini na hawajui waanze kuuliza nini.

Karibu kila mtu huanza na swali moja: "Wanakata asilimia ngapi?" Hata mimi nilianzia hapo. Leo ningeliweka la nne. La kwanza ni mnunuzi wako anaweka pesa yake wapi. La pili ni lini pesa hiyo inafika mkononi mwako. La tatu ni nani atapokea simu ikikwama Jumamosi jioni.

Kabla ya tovuti, mdogo wangu alikuwa akiuza kupitia mitandao ya kijamii na kupokea pesa kwenye namba yake mwenyewe ya simu. Wengi bado wako huko, na siwalaumu, maana ni rahisi na hakuna anayekuomba nyaraka. Lakini shida zake tunazijua. Kuna mtu anayekutumia picha ya meseji ya malipo ambayo ameitengeneza mwenyewe, na wewe katikati ya pilikapilika unampa boda mzigo kabla hujaangalia salio. Kuna anayelipa kweli, akapokea mzigo, kisha akapiga simu mtandao wake akidai alikosea namba, na ghafla kiasi hicho kwenye simu yako kimezuiwa. Na kuna hili la kila siku: meseji za wateja, za shemeji aliyerudisha deni na za mchango wa harusi zote ziko kwenye kapu moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ya mtu binafsi ni daftari baya sana.

Hatua inayofuata kwa wengi ni lipa namba, ile ya wafanyabiashara. Hiyo ni hatua nzuri, inatenganisha pesa ya duka na ya nyumbani. Dukani Kariakoo, ambapo mteja amesimama mbele yako, inatosha kabisa. Kwenye tovuti ina pengo moja: tovuti haijui nani amelipa. Mteja anaona namba, anatoka kwenye ukurasa, anafungua simu, anaandika namba na kiasi kwa mkono, anarudi kukuandikia kwamba ameshalipa. Kila hatua katika hizo ni mlango wa kutokea. Mtu huingiliwa na simu nyingine, au chakula kinaungua jikoni, kapu likasahaulika.

Kampuni ya kupokea malipo mtandaoni inaziba pengo hilo. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa duka, anabonyeza, na dirisha dogo linaruka kwenye simu yake likimwomba namba ya siri. Akishaiweka, mtandao wa simu unaiambia kampuni, kampuni inaiambia tovuti, na oda inabadilika yenyewe kuwa imelipwa. Ule ujumbe wa mwisho, kutoka kampuni kwenda tovuti, ndio uliopotea siku ya mama wa Mbeya. Pesa ilikuwa imekwisha kutoka kwake. Kilichokosekana ni taarifa. Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba kampuni zilizo makini zikituma taarifa hiyo na tovuti isipojibu, huituma tena na tena kwa saa kadhaa mpaka ipokelewe, na pia huiruhusu tovuti kuuliza yenyewe: ule muamala fulani umefikia wapi? Ile yetu ya zamani ilituma mara moja tu. Tovuti yetu ilikuwa imelala kwa sekunde chache wakati huo, na ikawa basi. Swali hili halimo kwenye vipeperushi vyao, kwa hiyo lazima uliulize wewe: taarifa ya malipo isipopokelewa mara ya kwanza, mnafanya nini?

Nirudi kwenye swali la kwanza. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, lakini nchi hizi mbili hazikukua kwa namna moja. Kenya, Safaricom ilitawala kiasi kwamba muuzaji mdogo wa Nairobi anaweza kuunganisha tovuti yake na mtandao mmoja tu na akawapata wateja wake wengi. Safaricom yenyewe ilifungua mlango wa kuunganisha, uitwao Daraja, mwaka 2017. Tanzania soko limegawanyika. Kuna M-Pesa ya Vodacom, kuna Airtel Money, kuna HaloPesa, na kuna iliyokuwa Tigo Pesa, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Mixx by Yas. Mwaka 2014 mitandao ilianza kukubaliana watu watumiane pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom ikaingia 2016, na siku hizi Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha simu na benki papo hapo. Hata hivyo, kuunganisha tovuti na kila mtandao kivyake maana yake ni mikataba minne, mafundi wanne wa kuongea nao, na ripoti nne za kulinganisha kila mwisho wa wiki. Ndiyo maana wauzaji wadogo wa Tanzania huishia kwa kampuni ya katikati inayoibeba mitandao yote kwa mkataba mmoja.

Majina utakayokutana nayo ni machache. Selcom ni ya hapahapa Tanzania, ipo tangu 2001. Pesapal ilianzia Nairobi mwaka 2009 na inafanya kazi nchi kadhaa za Afrika Mashariki. DPO nayo ilianzia Kenya, 2006, na utaikuta sana kwenye hoteli, mashirika ya ndege na watu wa utalii. Flutterwave ni ya asili ya Nigeria, ilianzishwa 2016. AzamPay na ClickPesa ni za Tanzania. Sitasema ipi bora kuliko ipi, kwa sababu kinachomfaa mwenye hoteli Nungwi anayelipwa kwa dola siyo kinachomfaa muuza viatu wa Mwanza. Kitu kimoja tu ni cha lazima kwa zote: leseni. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inaipa Benki Kuu ya Tanzania kazi ya kuzipa kampuni hizi leseni na kuzisimamia, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kuisoma ni kazi ya dakika tano. Ukikuta kampuni inayokuahidi makato madogo ajabu na jina lake halimo, weka kalamu chini.

Sasa wateja wa nje. Duka la mdogo wangu lina wateja Muscat, London na Toronto, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaotaka kitu cha nyumbani mezani mwao, na marafiki zao wanaouliza kitu hicho kimetoka wapi. Hao wanalipa kwa kadi. Kila mmoja wao hutuuliza: mbona hamna PayPal? Jibu linaniuma kila ninapolitoa. Hadi ninapoandika, akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania inakuwezesha kulipa watu, lakini siyo kupokea malipo ya biashara. Jirani yetu wa Kenya anapokea, na tangu 2018 anaweza hata kuihamishia pesa hiyo M-Pesa. Stripe, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Ireland, Patrick na John Collison, na ambayo maduka mengi ya Ulaya na Marekani huitumia, haijafungua mlango kwa muuzaji mwenye kampuni ya Tanzania. Mwaka 2020 iliinunua Paystack ya Nigeria, lakini hilo bado halijamfikia mtu wa Sinza.

Kwa hiyo watu hutafuta njia ya uani. Binamu aliye Uingereza anafungua akaunti kwa jina lake, pesa inaingia kwake, naye anaituma nyumbani. Nimewaona watu waaminifu kabisa wakifanya hivyo, na naelewa kwa nini. Lakini fikiria siku kampuni itakapomwuliza binamu vikapu hivi vinatoka wapi, risiti ziko wapi, na kwa nini akaunti ya muuguzi wa Leicester inapokea malipo ya vikapu kila siku. Masharti ya PayPal yenyewe yanaipa ruhusa ya kushikilia salio la akaunti iliyowekewa vizuizi hadi siku 180. Hiyo ni nusu mwaka ya mtaji wako ikiwa imefungiwa kwa jina la mtu mwingine, na huko huna pa kulalamika kwa sababu wewe haumo kwenye mkataba. Karibu kampuni zote nilizozitaja hupokea Visa na Mastercard. Ukurasa wao haumpendezi mteja wa London kama ule aliouzoea, lakini pesa inaingia kwa jina lako, kwenye benki yako.

Kadi ina tabia nyingine ambayo muuzaji aliyezoea simu hukutana nayo kwa mshtuko. Aliyelipa kwa simu ameweka namba yake ya siri, na kwa kawaida hapo biashara imekwisha. Aliyelipa kwa kadi anaweza kwenda benki kwake, wiki kadhaa baadaye, akasema hakupokea mzigo au kwamba si yeye aliyenunua, na benki ikaivuta pesa kutoka kwako kabla hujasema lolote. Mara nyingi ana siku 120 za kufanya hivyo. Marekani na Uingereza zote zilitunga sheria za kumlinda mwenye kadi mwaka uleule, 1974, na kwa mnunuzi ni jambo la haki. Muuzaji naye lazima ajipange. Yetu ilitokea mara moja. Mteja wa London alisema kapu halikufika, na dola 40 zikaondolewa kwenye salio letu siku hiyohiyo pamoja na ada ya kushughulikia lalamiko. Kilichotuokoa ni karatasi ndogo ya EMS kutoka posta, ambayo mdogo wangu alikuwa ameibana kwenye daftari kwa pini, na picha ya kifurushi chenye anwani aliyoipiga kwenye kaunta. Kumbe kapu lilikuwa limepokelewa na jirani wa ghorofa ya chini. Pesa ilirudi baada ya wiki sita. Tangu siku hiyo hakuna mzigo wa nje unaoondoka bila kupigwa picha kaunta.

Ulizia pia kama kampuni inatumia ule uhakiki wa ziada, ambapo benki ya mteja humtumia namba ya mara moja kwenye simu kabla malipo hayajakubalika. Ikiwepo, dai la kwamba si yeye aliyenunua kwa kawaida linabaki kwa benki yake. Isipokuwepo, linabaki kwako.

Asilimia, haya, sasa tuzifikie. Chukua kapu lilelile la 48,000. Tuseme kampuni ya kwanza inakata asilimia 3.5 na ya pili 2.5, na zote zinaongeza VAT ya asilimia 18 juu ya makato yao. Kwa ya kwanza unakatwa 1,680 na VAT 302, jumla 1,982. Kwa ya pili 1,200 na 216, jumla 1,416. Tofauti ni shilingi 566 kwa kapu, na kwa makapu kumi na matano ni 8,490 kwa wiki. Hiyo siyo pesa ya kudharau. Lakini kapu moja linampa mdogo wangu faida ya kama 12,000. Mteja mmoja tu kwa wiki akikata tamaa kwa sababu dirisha halikuruka kwenye simu yake, nafuu yote ya kampuni ya bei ndogo imekwenda, na mteja huyo kesho ananunua kwingine. Ndiyo maana nililisogeza swali la asilimia nyuma. Linahusu pesa unayoiona ikikatwa, wakati pesa kubwa inayopotea haionekani kwenye ripoti yoyote.

Angalia zaidi kiasi maalumu kinachokatwa kwa kila muamala, kile kisichojali bei. Stripe kwa muuzaji wa Marekani imezoeleka kutoza asilimia 2.9 na senti 30. Kwa kitu cha dola 40 hiyo ni dola 1.46, haiumi. Kwa kitu cha dola 5 ni kama senti 44, karibu asilimia 9. Huku kwetu vivyo hivyo. Duka linauza pia visahani vya milulu vya kuwekea kikombe, shilingi 3,000 kimoja. Kampuni moja niliyoisoma ilikuwa na kiwango cha chini cha shilingi 500 kwa muamala. Sehemu moja ya sita ya bei imekwenda kabla hujanunua gundi ya bahasha. Kama bidhaa zako ni ndogo ndogo, ziuze kwa seti au tafuta kampuni isiyo na kiwango hicho.

Baada ya hapo uliza makato ya kuhamisha pesa kwenda benki, ada ya mwezi, ada ya kuanza, na kama bei waliyokutajia imejumuisha VAT au la. Kwa malipo ya dola, uliza wanabadilisha kwa kiwango gani na siku gani. Tofauti ya asilimia 2 kwenye kubadilisha pesa ni makato kama makato mengine, ila haiitwi hivyo.

Halafu ni lini inafika. Kampuni hutaja siku: moja ya kazi, mbili, saba kwa kadi. Zingatia neno hilo, siku za kazi. Malipo ya Ijumaa usiku kwa kampuni ya siku mbili yanafika Jumanne, na sikukuu ikiangukia hapo yanafika Jumatano. Nyingine hukuwekea kiwango cha chini, kwamba hutumiwi chochote mpaka salio lifike 100,000. Nyingine hushikilia sehemu ya mauzo ya kadi kwa miezi kama tahadhari ya yale malalamiko niliyoyaeleza. Hakuna ubaya ukijua mapema. Mama wa Iringa anayekata milulu, akaianika, akaichemsha kwa rangi na kuisuka kwa siku kadhaa hawezi kuambiwa habari za siku za kazi. Tulichukua kalenda, tukaweka siku ya kumlipa upande mmoja na siku ya kampuni kutulipa upande wa pili, na kampuni mbili zikaanguka hapohapo, mojawapo ikiwa ndiyo yenye makato madogo kuliko zote.

Kuna mambo madogo ambayo niliyaona kwa kukaa karibu na wateja tu. La kwanza ni jina. Dirisha linaporuka kwenye simu linasema unamlipa nani. Kwa kampuni yetu ya kwanza lilitaja jina la kampuni yenyewe, jina ambalo mteja wa Singida hajawahi kulisikia. Anaona anaambiwa aweke namba ya siri amlipe mtu asiyemjua, na kwa jinsi watu walivyotapeliwa nchi hii, anabonyeza sitisha. Simlaumu hata kidogo. Kampuni nyingine zinaweza kuonyesha jina la duka lako, ukiomba. Omba, tena kwa maandishi.

La pili ni kile kisanduku cha kuandika namba. Mmoja anaanza na 07, mwingine na 255, mwingine na alama ya kujumlisha, mwingine anaacha nafasi katikati kama alivyozoea kuisoma. Kisanduku chetu cha zamani kilikubali namna moja tu, na zile nyingine kikazijibu kwa Kiingereza chekundu. Mtu anayelipa kwa mara ya kwanza mtandaoni akiona maandishi mekundu ya lugha asiyoielewa, anahisi pesa imeshapotea. Ukurasa wa malipo uwe na Kiswahili, na umwambie mteja ashike simu yake mkononi, aifungue, awe tayari, kwa sababu dirisha lile halisubiri. Likipita, limepita.

Kuhusu usalama nitasema kidogo, kwa kuwa kanuni yake ni fupi: namba za kadi za wateja zisiguse tovuti yako. Kampuni za kadi zina kanuni ziitwazo PCI DSS, zilizotolewa mara ya kwanza 2004, na kuzitimiza zote ni mzigo usiobebeka kwa duka dogo. Mpeleke mteja kwenye ukurasa wa kampuni inayopokea malipo, aandike kadi yake huko, arudi. Majina, simu na anwani utabaki nazo wewe, na hizo zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Daftari la anwani za wateja usilimwage kwenye kundi la simu la madereva wa boda.

Lililonikera kuliko yote ni hili, na nimelikuta kwa wauzaji watatu tofauti. Fundi aliyejenga tovuti ndiye aliyefungua akaunti ya malipo. Ametumia barua pepe yake, namba yake, wakati mwingine hata akaunti yake ya benki, "Dada, kwa sasa tuanze hivi, tutabadilisha baadaye." Baadaye haifiki. Siku mkigombana au akihamia Dodoma na kubadili namba, huwezi kuingia kuona mauzo yako mwenyewe. Mmoja wa hao watatu alikuwa akipelekewa pesa zake na fundi kila Ijumaa kwa simu, na hakuwa na njia ya kujua kama zimetimia. Nenda mwenyewe na TIN yako, kitambulisho cha NIDA, leseni ya biashara na cheti cha BRELA. Akaunti iwe kwa jina la biashara, barua pepe iwe yako. Fundi mpe ruhusa ya kuunganisha, na zile funguo za siri za mfumo zibadilishwe akimaliza kazi.

Mwishowe tulichagua. Kampuni yenyewe siitaji, kwa sababu tuna miezi miwili tu nayo na sijui itakuwaje Desemba mauzo yakipanda. Kabla ya kuwafungulia wateja tulifanya jaribio ambalo ningemwomba kila muuzaji alifanye. Jumamosi saa mbili usiku tulikaa kwenye mkeka na simu nne, kila moja ya mtandao wake, mbili zikiwa zetu, moja ya jirani na moja ndogo ya vitufe ya mama yetu, pamoja na kadi yangu ya benki. Mdogo wangu aliweka dukani kisahani kimoja kwa bei ya shilingi 1,000, kisha tukakinunua mara tano.

Simu ya kwanza ilipita kabla sijamaliza kuiweka chini. Ya pili pia. Ya tatu dirisha lilichelewa, tukafunga ukurasa makusudi kama ambavyo mteja angefanya, kisha likaruka, mama akaweka namba yake ya siri, na tukabaki tunatazama kioo cha kompyuta. Ilichukua kama dakika mbili. Oda ikageuka yenyewe kuwa imelipwa. Ya nne tuliweka namba ya siri isiyo sahihi, na ukurasa ukatuambia kwa Kiswahili kwamba malipo hayakufanyika na pesa haijakatwa. Kadi ilipita baada ya namba ya mara moja. Kisha mdogo wangu akapiga simu ya huduma kwa wateja, bila shida yoyote, kusikia tu kama kuna mtu. Alipokea kijana mmoja, nyuma yake kukisikika wenzake wakiongea na wateja wengine.

Jumanne saa nne asubuhi benki ilituma meseji. Tulikaa na penseli: mauzo matatu ya simu, ukitoa makato, ukitoa VAT, na hesabu ikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Ya kadi haikuwemo. Mdogo wangu akapiga tena, ikapokelewa mlio wa tatu. "Dada, ya kadi ni siku mbili zaidi, itaingia Alhamisi."

Iliingia Alhamisi. Ijumaa tukawafungulia wateja, na oda ya kwanza ilitoka Mbeya.